Mashine Yenu Haijui Nyongeza

Duka la Gabrieli,
Mikumi, Wilaya ya Kilosa.

Kwa Mratibu,
Mradi wa Ruzuku ya Duka la Kisasa,
Morogoro.

Ndugu Mratibu,

YAH: OMBI LA KUJA KUCHUKUA MASHINE YENU, KWA HESHIMA ZOTE

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na ofisi yako na kiyoyozi chenu. Kichwa cha habari umekisoma hapo juu, na nakuhakikishia kimeandikwa na mtu mwenye akili timamu, aliyekunywa chai na vitumbua kabla ya kushika kalamu.

Mimi ni Gabrieli Mkude, mwenye duka la rejareja karibu na stendi, na ni mnufaika wenu. Mwaka jana mlinipa kishikwambi, spika, mashine ya kutoa risiti, na ukurasa wa duka kwenye mtandao ambao mtu anaweza kuagizia bidhaa kwa simu akiwa bado kitandani. Tulipiga picha ya pamoja nikicheka mpaka magego. Picha ile naomba ishushwe ukutani kwenu.

Nisizunguke. Kwa sababu ya ruzuku yenu nimempoteza mteja mmoja. Anaitwa Fausta, anaishi Vidunda, ni mjane kama mimi nilivyo mgane, na kila siku ya gulio alikuwa anashuka mlimani, anakuja dukani kwangu, anakaa kwenye benchi. Sasa hashuki. Najua utaniuliza mteja mmoja ni kitu gani. Ndiyo maana nimeyapanga malalamiko kwa namba, ili tufike huko pamoja bila kuachana njiani.

1. Mashine haijui kuamkia. Spika yenu imefundishwa kumwambia kila anayepita mlangoni, "Habari, mteja wetu!" Sasa akaingia Mzee Mwinshehe, ambaye huku hata mwenyekiti wa kitongoji humwamkia akiwa bado mbali, akaambiwa habari na kitu kilichonunuliwa mwaka jana. Mzee alisimama palepale akisubiri shikamoo yake. Spika ikarudia habari. Ilibidi mimi niseme shikamoo kwa niaba ya mashine, naye akaitikia marahaba akiiangalia yenyewe, kisha akaniuliza wazazi wake wako wapi. Nikamjibu wako Morogoro. Tangu siku hiyo anakuombea dua, Ndugu Mratibu.

2. Mashine haijui nyongeza. Hapa soma taratibu. Mtu akinunua dagaa kwangu, napima kikombe, namimina kwenye mfuko, halafu nachota kidogo kwa mkono naongezea. Hiyo ndiyo nyongeza. Asiyepewa nyongeza hajauziwa, ametendewa ukatili. Kwenye mafunzo, Bi. Lightness, afisa wenu (binti mwenye adabu sana, yeye aliniamkia), alisisitiza kwamba kila kinachotoka dukani lazima kiingizwe kwenye mashine, hata kama ni pipi. Mimi ni mtu mtiifu. Nikaingiza dagaa, mchele, sukari na sabuni, halafu nikaingiza Nyongeza. Mashine ikauliza bei. Nikaandika sifuri, maana ndiyo bei yake tangu enzi za marehemu baba. Ikataka picha. Nikapiga picha ya mkono wangu.

Mwezi ulipoisha, mashine ikatangaza kwamba bidhaa inayoongoza dukani kwangu ni Nyongeza. Imeipita sukari. Imeupita unga. Ofisi yako ikaniandikia kunipongeza, ikaniuliza naipata wapi kwa bei ya jumla, na ikanishauri nipandishe bei kidogokidogo ili wateja wasishtuke. Nimeibandika barua hiyo ukutani. Watu wanakuja kuisoma, wanacheka, wanaondoka bila kununua hata kiberiti.

3. Kwa kuwa Nyongeza imo kwenye ukurasa, watu wameanza kuiagiza. Peke yake. Naomi, fundi cherehani wa Malolo, ameagiza Nyongeza ishirini kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe. Bwana mmoja akaja kwa baiskeli kutoka Ulaya, kile kijiji cha hukuhuku Kilosa, na jua lote lile, akanionyesha simu: ameagiza Nyongeza, na ameambiwa mzigo wake uko tayari. Nikamweleza kwamba nyongeza hufuata kitu kilichonunuliwa, haitembei yenyewe. Akasema mbona kwenye picha iko yenyewe. Nikamchotea dagaa, akapokea, akashukuru vizuri, halafu akabaki amesimama. Nikamuuliza anasubiri nini. Akasema nyongeza.

4. Mashine imeua benchi. Zamani kununua chumvi ilikuwa shughuli. Ilibidi kwanza tujue mvua ikoje Kilosa, nani amefiwa, tembo wameingia shamba la nani, na kama Bonifas amerudiana na mkewe au bado anapikiwa na majirani. Chumvi ilikuja mwishoni. Sasa mtu anaagiza akiwa kwake, anafika, anachukua, anaondoka. Chumvi inakuja mwanzoni, na baada ya chumvi hakuna kitu. Benchini tumebaki mimi na Mzee Mwinshehe, na mguu wake unaomuuma tumeshaujadili pande zote. Kama kweli mradi unajali biashara ndogo, naomba mtoe ruzuku ya watu wawili watatu wa kukaa kwenye benchi, wenye habari mpya, walipwe posho kama mnavyolipana kwenye semina.

5. Fausta. Hili ndilo lenyewe. Naona aibu kuiandikia ofisi jambo hili, lakini ndilo lililonishikisha kalamu. Tangu aupate huo ukurasa wenu, Fausta anaagiza. Anagusa simu yake huko juu, mashine inalia huku chini, Kelvin wa bodaboda anafunga mzigo na kupanda nao mlima, mimi nabaki na risiti. Siku za gulio navaa shati la kanisani bure.

Nyongeza ya Fausta haikuwa kama ya watu wengine. Nilianza na kiganja kimoja, nikafika viwili, mwisho nikawa naongeza mpaka nyongeza inazidi alichonunua. Yeye alikuwa anautazama mkono wangu, halafu ananitazama mimi, halafu anatazama benchi, ambako Mzee Mwinshehe na wenzake walikuwa wamenyamaza wote kwa pamoja kama wako ibadani. Kisha anaaga. Tulikuwa tunaelekea mahali, Ndugu Mratibu. Sijui wapi, lakini tulikuwa tunaelekea. Nimejaribu kumtuma Kelvin na nyongeza, lakini nyongeza ikishapanda bodaboda inakuwa mzigo kama mizigo mingine. Namkosa yule mama. Namkosa sana, na kwenye mashine yenu sijaona mahali pa kuliingiza jambo hilo.

6. Kwa hiyo tujumlishe. Mashine imeondoa salamu, imeivuruga nyongeza, imefukuza benchi na imemzuia Fausta mlimani. Duka lisilo na vitu hivyo si duka, ni stoo. Maana yake mmenipa ruzuku ya kugeuza duka langu kuwa stoo, na haki ni kwamba mnipe ruzuku ya pili ya kunirudisha nilikokuwa. Isiwe ndogo kuliko ya kwanza, kwa sababu kurudi nyuma kuna kazi zaidi. Itanunua daftari, kalamu ya kuweka sikioni, na itakodi gari lenye kipaza sauti lizunguke Vidunda yote likitangaza kwamba duka la Gabrieli limerudi kama zamani, na kwamba kuagiza kwa simu ni marufuku kwa mjane yeyote aishiye mlimani mwenye jina linaloanza na F. Wengine waendelee tu, sina ugomvi nao.

Mje Jumatatu asubuhi na gari lenu. Tutafanya hafla ya kukabidhiana, hotuba ziwepo, na tupige picha mpya ya pamoja, wote tukiwa tumenuna.

Naishia hapa, ingawa hasira yenyewe bado inaendelea. Nisalimie Bi. Lightness, mlinzi wa getini aliyenipa kiti siku ya mafunzo, dereva wa mradi, na mama ntilie wa nyuma ya ofisi ambaye wali wake nautaja mpaka leo. Mzee Mwinshehe naye anawasalimu, ila anasema ilipaswa muanze ninyi.

Wako mtiifu, mnufaika aliyefaidika kupita kiasi,

Gabrieli Mkude

N.B.

Bahasha nilikuwa nimeshailamba, mashine ikalia. Ni oda kutoka Vidunda: sukari, majani ya chai, mchele, mafuta ya kula, na siyo vya kula mtu mmoja. Nikashuka mpaka chini, kwenye ile nafasi ya maelezo ya kufikisha mzigo, ambako watu huandika geti jeusi au jirani na msikiti. Fausta ameandika hivi: "Vifike Jumamosi, kaka zangu wote watakuwepo. Asitumwe bodaboda. Alete Gabrieli mwenyewe, na aje na mtu mzima wa kumsemea. Haya nisingeweza kuyasema pale kwenye benchi lenu, masikio ni mengi."

Nimeyasoma mpaka chaji ikaisha. Nikachomeka waya, nikayasoma tena. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nalilia benchi, na benchi ndilo lililokuwa limemziba mdomo.

Kwa hiyo, Ndugu Mratibu, msije. Mashine isiguswe hata kwa kitambaa cha vumbi, na barua yote hapo juu ichukulie kama imeandikwa na mtu mwingine mwenye jina langu. Mzee Mwinshehe amekubali kuwa msemaji wangu na sasa hivi anatafuta pasi ya kunyooshea kanzu. Nina ombi moja tu dogo lililobaki: ile nafasi ya kumjibu mteja ni finyu mno. Nimeandika jibu mara kadhaa, mashine inakataa, inasema ni refu. Nimekata, nimekata, mpaka likabaki neno moja, hilo ikalipokea na kulipeleka mlimani.

Nimemwandikia: Nakuja.