Mshenga Mwenye Masta

Jumatatu, 6 Juni 1994
Habari mbaya imenikuta hapa Maji ya Chai, juu ya rundo langu la mitumba. Sankale naye anapeleka posa kwa kina Resiato. Resiato wangu! Mshenga wa Sankale ni baba yake mdogo, mzee anayesinzia hata akisimama. Mimi niliishia darasa la nne lakini sio mjinga. Mshenga wangu nampeleka Arnold. Ana masta ya mila na desturi, kaisomea Ulaya, kaandika kitabu kizima cha mahari. Kazi hana, shirika lao limefungwa, anashinda hapa kwangu akijaribu makoti. Nimempa moja. Kakubali.

Alhamisi, 9 Juni
Nimempanga Arnold. Wakitaja mahari, alie shida, wapunguze. Basi. Kanijibu nisimfundishe, kahoji wazee wa mlima huu wote. Nimefurahi. Sankale atajuta.

Jumamosi, 11 Juni
Terrat, kwa Mzee Koikai, baba yake Resiato. Shikamoo zikaisha, chai ya maziwa ikanywewa. Mzee akataja ng'ombe watatu na blanketi. Bei ya kirafiki kabisa. Moyoni nikawa nimeshaoa.

Arnold akakohoa. Eti kwa heshima zote, mzee kasahau. Kwa utafiti wake, ukoo huu zamani ulidai pia kondoo wa mama mzazi, dume la mjomba, na asali ya mabibi. Nikamkanyaga. Akasogeza mguu, akaendelea na asali. Mimi kusema siruhusiwi, muoaji anatazama chini tu. Nayajua majani yote ya ule uwanja.

Wazee wakatazamana kama watu waliookota pesa. Mzee Koikai akamshika mkono, karibu alie. "Mwanangu, haya hata marehemu baba alishayasahau. Hebu rudia pale kwa mjomba."

Akarudia. Kwa sauti. Bibi akaitwa kutoka jikoni aje asikie ya asali.

Jumapili, 12 Juni
Nimemgombeza Arnold toka mlango wa kanisa mpaka barabarani. Anasema angeficha vipi, wakati ameyaandika mwenyewe? Nikamuuliza, na masta yako yote hiyo, wewe umeoa? Hajaoa. Anasema mahari imepanda sana.

Jumanne, 14 Juni
Resiato kamtuma mdogo wake, Nalepo. Baba anangoja jibu mpaka Jumamosi. Nikishindwa, anawapokea wazee wa Sankale. Kaongeza kwamba dada anauliza kama nina akili.

Ninazo. Nimekaa nikaliona kosa. Masta ni elimu ya njiani, haijafika. Njiro yupo Daktari Aminieli, sio wa sindano, wa vitabu. Kasomea mambo yaleyale mpaka madarasa yakamwishia. Huyo ndiye wa kumnyamazisha Arnold. Nimemfuata leo, nikamweleza yote aliyosema yule kijana. Kasikiliza kwa makini, kavua miwani. Kasema kijana kajitahidi, ila kasahau mengi.

Nilijua tu. Jumamosi naenda naye.