Nafasi Yangu Kule Juu ya Mlingoti

Jumatatu, 4 Agosti

Tumeng'oa nanga bandarini Gdynia asubuhi. Merikebu ya mafunzo Zorza: milingoti mitatu, matanga ya kuficha jua, vijana chungu nzima, na mmoja tu mwenye damu ya baharia. Mimi. Babu alikuwa baharia. Baba ni baharia, hata kama ni wa kivuko cha kwenda rasi ya Hel na kurudi.

Mama amekwisha kuwatangazia majirani wote, kuanzia Bibi Rutka wa chini hadi yule profesa wa ghorofa ya nne asiyesalimia mtu. Jumapili tukirudi, waje wote gatini. Mwanawe Kacper atakuwa amesimama juu kuliko wote! Merikebu ikiingia bandarini, sisi wanafunzi hujipanga kwenye foromali, ile miti ya kukingama inayobeba matanga. Ila foromali ya juu kabisa ya mlingoti mkuu ni ya mwanafunzi mmoja tu, aliye hodari kushinda wenzake. Serahangi ndiye anayemchagua. Mama hakutunga uongo. Mimi ndiye niliyemwambia nimeshachaguliwa.

Serahangi ni Bwana Lemańczyk, mkubwa wa kazi zote za sitaha. Masharubu mazito, sauti ya honi. Aliuliza nani amewahi kupanda mlingoti. Nikanyoosha mkono. Akasema haya, tutaona.

Kitanda cha chini yangu amelala Walek Karpiel, kutoka milimani kule kusini, mpwa wa mchunga kondoo. Hajawahi kuona bahari! Aliniuliza, tena kwa dhati, kama siku isiyo na ukungu mtu anaweza kuiona ng'ambo ya pili. Nilicheka hadi nikagonga kichwa darini. Maskini ya Mungu. Nimeamua kumhurumia.

Jumanne, 5 Agosti

Simhurumii tena.

Bahari ilikuwa imetulia kama chai kikombeni. Nikatapika hata hivyo. Ni zile soseji za jana, nina hakika. Walek alinishikia ndoo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anakula mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe. Ananiambia pole, ndugu yangu, mwana-kondoo naye hutapika siku ya kwanza akipanda lori. Mwana-kondoo! Mimi, mjukuu wa babu yangu!

Mchana, kupanda mlingoti. Walek akapanda kama anayeitwa chakula kiko tayari. Serahangi alisahau hata kufoka. Alipopata kauli akapaza sauti: "We mtoto wa mbuzi, umelelewa wapi?" Walek akajibu kutoka juu kwamba kwa mjomba wake majabali ni marefu kuliko hapa, tena kule hakuna kamba za kushikilia. Watu wakaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni Otylia, kiongozi wa zamu yetu. Asubuhi mimi nilimwambia jambo la kuchekesha kuliko hilo. Akaniuliza kama bado naumwa.

Nami nilipanda. Nilifika kwenye jukwaa la kwanza nikakaa. Niliwaambia nakagua mafundo.

Jioni Walek akafungua mfuko, akagawa jibini ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi. Mezani wakamshangilia. Mpishi, Bi Bogusia, akambusu utosini. Naona wivu? Ndiyo, naona wivu. Unanichoma kifuani kama kiungulia. Jibini yenyewe ni tamu sana. Nilikula vipande vinne kwa hasira.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimemtilia mchanga kitumbua chake.

Kila baharia wa kwetu anajua mzaha wa kunoa nanga. Unamtafuta mgeni, unampa tupa, unamwambia nanga imekuwa butu, haitauma chini ya bahari, akainoe. Mgeni anapiga tupa, wenzake wanapita wakijifanya wanakohoa, mwisho serahangi anamkuta na kumuuliza kama ana akili. Baba alifanyiwa hivyo. Babu alifanyiwa hivyo. Mtu aliyenoa nanga hachaguliwi kuwa hodari wa merikebu, hilo halihitaji kusomea.

Nilimpa Walek tupa baada ya chai. Akanishukuru! Akaniambia mimi ndiye mtu pekee huku anayemfundisha kitu.

Akapiga tupa hadi mchana. Watu walikufa kwa kicheko. Serahangi akatokea, nami nikasogea nisikose hata neno. Akaitazama nanga. Akaipapasa kwa dole gumba. Kisha akasema kutu ya nanga hii amewaomba watu waitoe tangu Pasaka, na leo ndiyo mara ya kwanza anaona chuma. Nani aliyekutuma, kijana? Walek akanionyesha mimi, uso umemeremeta: "Kacper, Bwana Serahangi! Bila yeye nisingejua."

Serahangi akanigeukia. Akasema merikebu ina nanga mbili.

Mikono yangu ina malengelenge. Nashindwa kushika kalamu sawasawa.

Alhamisi, 7 Agosti

Msiba. Serahangi ametaja majina ya Jumapili. Foromali ya juu kabisa: Walek Karpiel. Walek akipatwa na jambo: mimi. Sijui kwa nini mimi. Nadhani ni kwa ajili ya ile nanga ya pili.

Walek apatwe na jambo gani? Haumwi, hachoki, hanuni. Nilijaribu hata kumtisha na hadithi za dhoruba. Akaniuliza zinaanza lini.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Upepo umekufa kabisa. Tumekwama karibu na kisiwa cha Bornholm, matanga yananing'inia kama nguo za kufuliwa. Na upepo ukifa, baharia wa kwetu huukuna mlingoti. Kwa kucha, taratibu, kama unavyomkuna ng'ombe shingoni, na kwa adabu, maana ukizidisha unaletewa usichoomba. Kupiga mluzi ndiyo kabisa, ni mwiko. Otylia alikwisha kumwonyesha Walek, naye akakuna kidogo akasema tafadhali. Kasema tafadhali! Kwa mlingoti!

Mimi sikutaka upepo wa tafadhali. Nilitaka dhoruba ya kumliza mtoto wa milimani mbele ya serahangi. Kucha zangu zimekwisha kwa tupa, kwa hiyo wenzangu walipokuwa wanakula supu nikachukua uma jikoni. Nikaukuna mlingoti mkuu hadi meno ya uma yakapinda. Nikamalizia na mluzi.

Nimeurudisha uma ndani ya sanduku lake. Hakuna aliyeniona.

Ijumaa, 8 Agosti

Upepo umekuja.

Siandiki mengi. Alfajiri kengele ikalia, serahangi akanguruma kwamba kila mtu apande kukunja matanga. Merikebu imelala ubavu. Maji yanapita sitahani kama yamelipa nauli. Nikamtazama Walek nione anavyolia. Anaimba! Ni wimbo wa kuitia kondoo, mrefu, hauna mwisho. Akapanda nao.

Nikapanda pia, kwa sababu serahangi alikuwa nyuma yangu. Kati ya jukwaa la kwanza na la pili, miguu yangu ikakataa amri. Si juu, si chini. Nikaukumbatia mlingoti nikafumba macho, nikamwahidi Bikira Maria mambo ambayo sasa sitaki kuyakumbuka.

Aliyenifuata ni Walek, nani mwingine. Akanishika mkanda, akanishusha hatua kwa hatua kama paka aliyekwama paani. Akaniambia hata kondoo wake aliye bora kuliko wote aliwahi kukwama jabalini, hilo si aibu. Ningemshukuru ningeweza kufungua meno. Otylia akamvika blanketi. Yeye! Aliyekwama ni mimi!

Chakula cha jioni Bi Bogusia aliniwekea uma uliopinda kando ya sahani. Kula viazi kwa uma ule ni kazi.

Jumamosi, 9 Agosti

Kumekucha! Nina raha.

Serahangi ameona michubuko kwenye mlingoti. Vanishi ile aliipaka mwenyewe majira ya kuchipua, mara saba, kwa brashi ndogo. Akatupanga mstari. Hakufoka, na hilo ndilo lililotisha. Akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeukuna mlingoti wake.

Nikazitazama ndala zangu.

Walek akapiga hatua mbele. "Ni mimi, Bwana Serahangi. Niliukuna juzi. Sikujua kama kucha zangu ni kali hivyo."

Mjinga yule anaamini kweli kuwa ni yeye! Serahangi akamwangalia vidole, akaangalia michubuko, akatuangalia sisi sote mmoja mmoja. Akasema anamshukuru kijana anayejitaja mwenyewe, na kama yupo mwingine mwenye la kusema, huu ndio wakati wake. Nilikuwa na la kusema. Lilifika hadi kooni. Kisha nikamkumbuka Mama na Bibi Rutka na yule profesa, nikalimeza.

Basi, amri ni amri. Kesho Walek atafanya kazi ya jikoni na ya chini: amenye viazi, arushe kamba ya kwanza gatini, ateremshe ngazi ya kushukia watu. Juu kabisa: Kacper Formela.

Walek akanipa mkono. Akasema anafurahi ni mimi. Sura yake ilikuwa imemwanguka, lakini mkono aliutoa.

Usiku wa leo namwonea wivu hata kwa usingizi wake. Analala fofofo. Mimi nimegeuka huku na huku. Ni zile soseji tena.

Jumapili, 10 Agosti

Nilisimama juu kabisa. Naandika hivyo kwanza ili ijulikane.

Upepo mwanana, jua, honi, watu wamejaa gatini. Nilifika kwa kusukumwa na Otylia, aliyebaki foromali ya chini yangu akiniambia nisitazame chini. Sikutazama chini. Sikutazama popote. Nilifumba macho na kukumbatia mlingoti kwa mikono yote miwili.

Nilikuwa nimemwambia Mama atanitambua kirahisi, nitakuwa yule anayepunga mkono. Kumbe wote walipunga isipokuwa mimi. Na kutoka gatini, yule wa juu kabisa ni kidoa tu. Mama alimpungia Otylia muda wote. Baadaye profesa, aliyekuja na darubini, akamwambia huyo ni msichana. Mama akaamini nimeanguka baharini na wanaficha.

Akakimbilia ngazi. Na nani alikuwa mguuni pa ngazi, amerusha kamba ya kwanza vizuri hadi gati zima likapiga makofi? Akamtuliza Mama. Akamwambia Kacper yuko juu kwenye nafasi ya heshima, ndiye aliyemfundisha yeye kila kitu kuhusu nanga. Akampa Bibi Rutka mkono ashuke kwenye ngazi aliyoipanda ili kuchungulia. Mama akamuuliza atalala wapi. Akasema treni ya milimani ni Jumanne, atalala stesheni.

Mimi nilichelewa kushuka. Miguu ilikataa amri tena. Otylia alipomaliza kunibandua, gati lilikuwa tupu, wamebaki ndege na mfagiaji. Nikarudi nyumbani kwa basi. Nikamkuta Walek kwenye kiti changu, mbele yake sahani ya maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa nyama, yale anayopika Krismasi tu! Bibi Rutka anamwongezea malai chachu. Profesa wa ghorofa ya nne anamsimulia maisha yake.

Mama akanikumbatia sana. Kisha akasema kitanda changu amempa mgeni.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelala sakafuni. Kiuno hakifai.

Wakati Walek ananyoa ndevu zake tatu nilitaka kumwambia habari ya uma. Kweli nilitaka. Nikafungua mdomo. Ndipo akanitangulia: amenialika kwao majira ya baridi. Kuna mashindano ya farasi wanaovuta sleji, gari la kuteleza lisilo na magurudumu, kwenye theluji, watu wawili wawili, kijiji kizima kinatazama. Mwenzake wa kila mwaka amekwenda jeshini. Anataka mimi niwe mwenzake, na mwenye kushika hatamu ndiye anayevishwa shada.

Kijiji kizima! Shada! Na yeye nyuma yangu, amesimama tu, hana la kufanya!

Nikafunga mdomo. Mjomba wake akapiga simu, akataka kuzungumza nami. Aliniuliza kama nimewahi kuendesha farasi.

Nikamwambia, tangu nikiwa na miaka mitatu.