Njia Yangu ya Mkato ya Asimptoti

Jumatatu, 4 Machi
Timu ya hesabu imebakiza nafasi moja. Mwalimu kasema atakayepata swali la Ijumaa ndiye ataingia. Naitaka nafasi hiyo mpaka naiota. Tatizo ni Kiranja wa darasa letu. Naye anaitaka.

Mada ni asimptoti mlalo: ule mstari uliolala ambao grafu inausogelea kadiri x inavyokua. Mwalimu alikuwa bado anaeleza habari za vipeo, mimi nimeshapata njia ya mkato. Chukua namba ya kwanza juu, gawanya kwa namba ya kwanza chini. Basi! 8x² + 5x juu ya 2x² − 3: jibu, y = 4. Nimejaribu ukurasa mzima wa kitabu. Yote yamekubali.

Jumatano, 6 Machi
Kiranja kaniomba nimfundishe. Kajileta mwenyewe! Nimempa njia ndefu: weka 10 mahali pa x, kisha 100, kisha 1000, utazame jibu linasogelea wapi. Kengele italia hajamaliza. Tulikaa kwenye meza ya Mama ya kukatia nguo, Kiranja akazidisha mpaka vidole vikamuuma. Alipoondoka, Mama akasimamisha cherehani.

"Una moyo mzuri, mwanangu."

Sikumsahihisha.

Ijumaa, 8 Machi
Swali: 7 + 6x² juu ya 1 + 2x². Rahisi mno. Saba kwa moja, y = 7. Nilikusanya wa kwanza. Nikamwonea Kiranja huruma, jasho linamtoka.

Akapata 3.02, halafu 3.0002. Akaandika y = 3. Nafasi ikawa yake.

Mwalimu akaniambia niitafute x² popote ilipokaa, juu na chini, nigawanye namba zake. Nikaitikia, machozi yakinilenga. Ndipo Kiranja akasimama mbele ya darasa zima.

"Mwalimu, huyu ndiye aliyenifundisha."

Mwalimu akaandika jina langu chini ya la Kiranja. Nimewekwa wa akiba.

Jumapili, 10 Machi
Kiranja kaja nyumbani. Anasema timu ikisafiri kwenda mashindanoni tutakaa kiti kimoja. Ni mtu mwema, jamani, mpaka naona aibu.

Lakini nimelipitia swali upya na kosa nimeliona. Si namba za kwanza, ni za mwisho! Sita kwa mbili, tatu. Imekubali papo hapo. Simwambii mtu. Kiranja nitamfundisha tena njia ndefu, safari hii mpaka elfu kumi.