Jina Litakaloshonwa kwenye Blanketi la Bibi

Jumamosi, 12 Julai

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Jina langu la njia nimeshalichagua mwenyewe: Mwewe. Nimeliandika kwa wino ndani ya kofia, upande wa mbele, ili likae karibu na ubongo.

Ni kinyume cha sheria. Kwenye njia hii hakuna anayejipa jina. Wapandaji wenzako ndio wanaokupa, na ukiliitikia mara moja tu, limekuwa lako. Katika ukoo wetu kila mtu akifika umri wangu huvuka milima ya Smoky kwa miguu, na akirudi Bibi hulishona jina lake kwenye blanketi la viraka lililotundikwa sebuleni. Mjomba Dwight aliumwa tumbo siku ya pili. Kwenye blanketi anaitwa Kuhara. Leo ni shemasi kanisani, ana mvi, na kila Krismasi lazima mgeni mmoja aulize.

Kwa hiyo siwezi kuachia bahati. Shuleni hakuna aliyewahi kunibandika jina, hata baya. Mwalimu wa hesabu ananiita "wewe wa dirishani". Binamu yangu Brantley ana majina matatu kwenye timu ya mpira pekee.

Tuko sisi wawili na Shangazi Darlene, ambaye anatuongoza kwa kutembea nyuma na kutukemea. Jana alipima mabegi yetu kwenye mizani ya bafuni. Mswaki wangu aliukata mpini ili kupunguza uzito! Alipoingia kuoga nikatoa koti la mvua na kijiko, nikaingiza kitabu changu cha ndege. Jalada gumu, picha za rangi. Mwewe wamepewa sura nzima humo.

Leo ilikuwa kupanda tu. Kupanda, kona, kupanda. Magoti si yangu tena. Tumelala kwenye kibanda cha mawe pamoja na mzee mstaafu anayeitwa Uji, kwa kuwa hali kitu kingine, na wasichana wawili wa chuo kutoka Ohio. Wasichana walilitazama sana paji langu la uso nilipovua kofia. Nadhani wameona mtu mwenye fikra nzito.

Nimekula tambi kwa vigingi viwili vya hema. Shangazi aliuliza kijiko kiko wapi. Nikasema najifunza subira.

Jumapili, 13 Julai

Brantley ameshapewa jina! Hata hajaamka vizuri! Alikoroma mpaka panya wa kibandani wakahama, na asubuhi Uji akasema huyu kijana ni Radi. Wote wakapiga makofi. Brantley akaitikia kabla hajafungua macho.

Radi! Kwa kukoroma! Litapendeza mno kwenye blanketi.

Mpango wa kwanza nimeutekeleza leo. Tulipofika kwenye uwanda wa nyasi ambako unaona milima mpaka inageuka bluu, nilipanda jiwe, nikatanua mikono, nikakodoa macho mbali kama mwenye kutafuta windo. Nilingoja mtu aseme neno. Mikono ilianza kutetemeka. Mmoja wa wasichana wa Ohio akaja kuniuliza kwa upole kama nimekazwa na misuli, maana ana dawa ya kuchua. Brantley akamwambia aniache, huwa nakauka hivyo hata kwenye harusi.

Nikashuka. Nilipokuwa nashuka niliteleza, lakini si kwa namna ya ndege yeyote.

Malengelenge mawili, kisigino cha kulia. Kitabu kinanichoma mgongo kwa pembe yake, kila hatua. Mwandishi angepunguza kurasa za bata.

Jumatatu, 14 Julai

Mvua. Tangu tulipoamka mpaka tulipofika. Kila mtu akatoa koti lake, mimi nikatoa mfuko mweusi wa takataka, nikautoboa matundu matatu na kuuvaa. Shangazi alinitazama kama anavyotazama injini ya gari lake. Akasema, "Emmeline, mwanangu, mimi nilikupima begi mwenyewe. Koti limetoka na miguu yake?" Nikasema huenda lilidondoka. Akauliza lilidondokea wapi, chumbani kwangu?

Hatari yenyewe haikuwa baridi. Brantley alianza kunitazama huku akitabasamu, na niliona kabisa jina linapikwa kichwani mwake. Mfuko. Au Jalala. Nikavua ule mfuko papo hapo. Nimelowa mpaka kwenye soksi, lakini sina jina. Afadhali.

Njia imekuwa kijito. Tulitembea ndani ya ukungu, kila mtu akitazama visigino vya aliye mbele. Sijawahi kuchoka hivi. Hata wivu umechoka.

Jioni, mpango wa pili. Nilimfuata Uji alipokuwa anakamua soksi, nikampa chokoleti yangu yote ya safari. Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba sitaki chochote, ila kama wakati wa chakula akijisikia tu, kutoka moyoni, kunilinganisha na ndege fulani, mimi sitapinga. Akauliza ndege gani. Nikasema mwewe, kwa mfano. Akatafuna, akafikiri, akasema ngoja tuone moyo utakavyosema.

Alimaliza chokoleti, akajilaza "kunyoosha mgongo kidogo", na akalala fofofo kabla maji ya tambi hayajachemka. Hakuamka tena mpaka asubuhi. Moyo wake ulisema hivyo.

Jumanne, 15 Julai

Mkono hautaki kuandika. Nitaandika hata hivyo, ili iwepo kumbukumbu ya upande wangu.

Kila kibanda huku kina nyaya za kutundikia chakula, zimepitishwa kwenye makapi, vile vigurudumu vya kuvutia kamba, juu kati ya miti, ili dubu wasifikie. Kila mtu hutundika mfuko wake baada ya kula. Nikawaza: nani bwana wa mambo ya angani? Wote walipoteremka chemchemi kuchota maji, nikakusanya mifuko ya chakula ya watu wote. Ningeipandisha kwa pamoja, kwa mkupuo mmoja, wakirudi waikute inapaa. Mtu angesema, "Tazama, kama mwewe!" Niliona kabisa jinsi angesema.

Niliifunga yote kwenye ndoano moja. Nikavuta. Ilipaa! Ilipaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Ikafika juu, kamba ya mfuko wa Shangazi ikaingia kwenye kapi, ikajikunja, na hapo kila kitu kikaganda. Nikavuta chini. Haikuja. Nikaning'inia kwenye waya kwa uzito wangu wote. Nikabaki naning'inia.

Wakarudi wakanikuta hivyo.

Watu sita, njaa ya kutwa nzima, na chakula chote kikiwa juu kama taa za kanisani. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Shangazi aliketi juu ya gogo akafunika uso. Msichana mmoja wa Ohio akauliza kama kuna mtu ana hata biskuti mfukoni. Hakuna. Uji akaitazama mifuko, akanitazama, akasema bila hasira yoyote, "Ametufungia stoo. Huyu ni Kufuli."

Wakacheka. Wamechoka, wana njaa, wamelowa, lakini walicheka mpaka Shangazi akafunua uso. "Kufuli!" Brantley akarudia, akilionja. "We Kufuli, ufunguo uko wapi?"

Sikuitikia. Nilibana midomo. Sheria ni sheria: usipoitikia si lako.

Brantley ndiye aliyepanda mabegani kwa Uji na fimbo mbili zilizofungwa pamoja, akachokoa na kuchokoa mpaka kamba ikaachia. Mifuko ikaporomoka. Wa kwangu ukamwangukia. Alinirushia akasema nile kwanza, ninaonekana vibaya. Na akanipa kijiko chake. Nilitaka kumshukuru, lakini alisema, "Shika, Kufuli," kwa hiyo ilibidi nichukue kimya kimya kama mwizi.

Jumatano, 16 Julai

Siku ya mwisho. Mpango ulikuwa rahisi: kutoitikia Kufuli mpaka barabarani. Njia ikiisha, jina lisiloitikiwa linakufa. Kwenye blanketi kiraka changu kingebaki kitupu, nami ningemwambia Bibi kwa huzuni kwamba watu walishindwa kupata neno.

Si rahisi hata kidogo. Kufuli, nipishe. Kufuli, unataka zabibu? (Nilizitaka sana.) Kufuli, umeacha kofia. Nikaendelea bila kofia, Shangazi akaja nayo nyuma akinung'unika kwamba binti wa ndugu yake amekuwa kiziwi. Brantley akasema siyo kiziwi, amejifunga.

Mchana tulikuwa tunatembea sisi watatu kwa mstari, wengine wakiwa wametangulia, mimi mbele, macho chini, nikihesabu maumivu. Kushoto kulikuwa na vichaka vya matunda pori. Nilisikia Brantley akiita, "Emmie." Sikuwa na uhakika kama ni mtego. Nikaenda. "Emmie!" Nikaenda tena, nikaongeza mwendo. Ndipo akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nyembamba, kama ya mtoto:

"Kufuli! Simama!"

"Nimesimama!" nikasema.

Na nilikuwa nimesimama kweli. Mbele yangu, karibu kiasi cha kumsikia anapumua, dubu alitoa kichwa kichakani, midomo imejaa matunda. Nyuma yake, mtoto wake. Nilitaka kuwa kiraka kitupu. Brantley alikuja taratibu, akanishika begi kwa nyuma, akanirudisha hatua moja, nyingine, nyingine, huku Shangazi akimwambia yule dubu kwa sauti ya upole kabisa kwamba sisi tunapita tu, mama, endelea na chakula chako. Dubu akatufikiria. Kisha akaona hatufai, akaondoka na mwanawe.

Tukakaa chini palepale, wote watatu. Brantley akasema aliniita mara mbili kwa jina langu. Nikasema najua. Nikamwambia ahsante. Tulikaa hivyo kitambo, bega kwa bega, tukinuka.

Baadaye, tulipokuwa tunasimama, akanigeukia. Niliona wazo linamfikia taratibu, kama jua.

"Umeitikia," akasema.

Nikasema ilikuwa dharura. Akasema sheria haina dharura. Nikamtazama Shangazi, nesi wa miaka mingi, mtu wa haki. Akasema hata Dwight alijaribu hiyo ya dharura.

Kwenye maegesho, Uji na wasichana wa Ohio walikuwa wameshafika. Brantley akawasimulia mara mbili. Walinikumbatia mmoja mmoja, wakisema kwaheri Kufuli, nami nikaitikia kila mmoja, maana ilikuwa imeshaharibika.

Ndani ya gari nikajitazama kwenye kioo kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Kwenye paji la uso, kwa wino wa bluu wa kofia uliochanganyika na jasho, herufi zilizogeuka kinyumenyume usoni zimenyooka kiooni: MWEWE. Yote. Kutoka sikio hadi sikio.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, tangu lini. Shangazi akasema tangu kibanda cha kwanza, mwanangu. Wote walilisoma. Wasichana wa Ohio walitaka kunipa tu, waliona huruma, lakini Uji aliwaambia jina aliloomba mtu haliwezi kutolewa. Kwa hiyo ile chokoleti aliila akijua!

Jumapili, 20 Julai

Kwa Bibi, baada ya kanisa. Maharage, mkate wa mahindi, nyanya zilizokatwa. Visigino vyangu viko juu ya kiti chenye mto. Brantley yuko barazani anasimulia habari ya dubu, na dubu sasa wako watatu.

Bibi alisema vidole vinamuuma, atashona jioni, ila anahitaji mtu mwenye mwandiko mzuri wa kuchora herufi kwa chaki. Nikajitolea kabla hajamaliza sentensi. Macho yake hayaoni vizuri, na hufuata chaki kwa kidole. Nilichora kiraka cha Brantley: RADI. Kisha kiraka changu. Mkono wenyewe ulikwenda. Mwewe, herufi kubwa, na bawa dogo kwenye ile M ya mwanzo.

Bibi akakichukua, akakisogeza puani, akakipeleka dirishani. Akaniuliza nani ameleta jina la mwizi wa vifaranga ndani ya nyumba yake. Akasema mwaka huu mwewe amemlia kuku sita, yeye amemrushia ufagio mpaka bega lake likateguka, na leo ashone jina lake kwa mkono wake mwenyewe? Nikasema pengine ni mwewe wa aina nyingine. Nikataka kumletea kitabu. Akasema, "Kufuli, kaa chini."

Nikakaa.

Akaniambia taratibu kwamba kufuli ni kitu cha heshima. Banda lake la kuku lina moja, na ndiyo maana bado ana kuku. Akanipapasa kichwa. Ni mara ya kwanza mtu kunipa kitu ambacho sikukiomba.

Akaenda kutazama mkate. Nikafuta chaki kwa kiganja. Nikaandika KUFULI, kwa ukubwa mdogo, kwenye kona ya chini, ili nafasi kubwa ibaki juu yake. Kisha nikaenda barazani nikamuuliza Shangazi Darlene kama kuna milima mingine, mbali kidogo na hapa, ambako watu hawatujui.