Malango Matano Kati ya Saba

Jumatatu, 3 Machi. Mwaka wa thelathini na moja tangu nifunge mlango wa nyumbani kwetu na kuondoka na ufunguo. Ufunguo ninao. Mlango sijui.

Leo nimedanganya kwa simu. Mjukuu wangu, binti wa miaka kumi na mmoja, ameuliza kama nitakuwa mwenzake Jumamosi kwenye mashindano ya gemu ya maktaba. Ni ile gemu ya shujaa wa upanga na malango saba. Nikamjibu kwamba yote saba nimeyamaliza, tena mara mbili. Mara mbili! Nani alinituma? Hata la kwanza sijalivuka.

Akijua ukweli atamchukua Kanali wa ghorofa ya juu, mwenye mashine kubwa ya gemu sebuleni. (Kanali hajashika bunduki maishani mwake. Alikuwa karani wa posta, akahama kwao mwaka uleule niliohama mimi.) Na mtoto huyu huzungumza nami lugha yetu tunapocheza tu. Nikimpoteza, nitabaki kuizungumza na birika.

Jumanne. Mpango! Kinyozi anayo gemu hiyohiyo, ya mkononi, ya kuwatuliza watoto wanaoogopa mashine ya kunyolea. Ameniazima. Akaniambia, mzee wangu, hicho ni kipande kidogo tu cha ile gemu kubwa, usikitegemee. Kinyozi mambo haya hayajui.

Jumatano. Hofu tupu. Skrini kiasi cha kiberiti. Nimevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Shujaa ni sisimizi. Adui hupiga kutoka nje ya picha, humwoni, unasikia tu “tii!” na umekufa. Nimekufa mara arobaini kabla ya chai. Ngao hakuna, vitufe havikutosha. Muziki ni mbu ndani ya kopo. Chaji inakwisha kabla sijajua nilikosea wapi. Nimekuwa msahihishaji wa kiwanda cha chapa miaka ishirini: kasoro zote naziorodhesha kwa penseli nyekundu.

Saa kumi mlango ukabishwa. Nikaruka. Miaka yote hii, mlango ukibishwa bado natafuta viatu kwanza. Kumbe ni Kanali, anaomba chumvi. Kidude nikakitupa ndani ya sufuria. Kikalia “tii!” Kanali akauliza kama mchuzi wangu unaumwa.

Alhamisi. Nimemaliza! Baada ya lango la tano skrini ikaandika HONGERA. Boksi la kidude linasema saba. Nimehesabu tena: matano. Msahihishaji angeuliza kurasa mbili zimekwenda wapi. Mshindi haulizi.

Ijumaa. Sikula. Vidole gumba vinacheza vyenyewe.

Jumamosi, 8 Machi. Maktaba. Skrini kubwa kama mlango wa gereji. Pedi ya kuchezea ina vitufe vingi kuliko vifungo vya koti langu. Yule mnyama wa lango la kwanza, ambaye mfukoni mwangu alikuwa doa la kahawia, hapa ana meno na mate! Nimepiga kelele. Nimejificha nyuma ya mtoto.

“Babu, ngao! Ngao, Babu!”

Nikamwuliza ngao ni ipi. Akanitazama jinsi marehemu bibi yake alivyokuwa akinitazama. Kisha akanivuta kupitia malango matano kama gunia.

La sita. Hili kwangu halikuwamo. Shujaa anarudi mji aliokimbia mwanzoni mwa gemu. Mitaa imeungua. Adui hata mmoja hakuna. Muziki umenyamaza. Zamu ilikuwa yangu: kutembea mpaka nyumba yake, kubonyeza kitufe kimoja, mlango ufunguke.

Mtoto akaninong'oneza, kwa lugha yetu, kwamba hakuna kitu humo, Babu, ni mlango tu, fungua.

Vidole vikakataa. Muda ukaisha.

Akauliza ilikuwaje basi nikamaliza mara mbili. Nikasema nina mafua. Kanali, aliyekuja kunizomea, alikuwa anaiangalia ile mitaa. Hakucheka. Hilo limenitisha kuliko meno.

Njia nzima hadi kituo cha basi mjukuu wangu amenigombeza kwa lugha yetu. Hakukosea hata neno.

Jumapili. Amepiga simu. Kanihurumia: Jumamosi ijayo, kwa Kanali, tujaribu lango la sita polepole, sote watatu. Nikamwambia hakuna haja. Nimelifungua leo asubuhi, mara tatu.

Mara tatu!

Kinyozi ameniongezea wiki. Nimecheza tangu kifungua kinywa. Malango matano, HONGERA, malango matano, HONGERA. Hakuna mji, hakuna mlango. Orodha yangu ya kasoro za kidude hiki imefika kumi na tisa. Kasoro ya lango lililokosekana nimeifuta.

Jumamosi nitakuwa na mafua. Kule sitarudi.