Kitako Kipya cha Bunduki ya Baba

Jumatatu, 2 juni. Lubondja.

Nimekosa tena! Nguruwe wa pori balikuwa batatu ndani ya muhogo wetu, hatua kumi na tano tu, asubuhi kweupe. Mi nikapiga. Nikaua muti wa papai. Nguruwe mukubwa aliniangalia kidogo, akaendelea kula. Aibu gani hii!

Kosa si yangu. Ni kitako. Bunduki hii ya kuwinda, baba aliinunua kwa sababu ilikuwa ya bei ndogo kuliko zote. Kitako kimepasuka, kimefungwa na mupira wa baiskeli. Ukipiga, kinacheza begani kama jino bovu. Dada yangu Fanny anasema eti mi nafunga macho kabla ya kupiga. Uongo! Nafunga moja. Lile lingine linafuata lenyewe.

Lakini hofu imenishika kweli. Jumamosi tunaondoa matanga ya baba. Baba mudogo Isidore, mukubwa wa familia, alisema mbele ya batu bote: mi ndiye mutoto wa kwanza, basi nilete nyama ya pori, batu bakule siku hiyo. Nikishindwa, bunduki inaenda kwa Bertin, mutoto wake. Bertin! Yule wa kucheka na meno yote.

Jumanne, 3 juni.

Nimepata dawa. Kule mujini Baraka iko fundi mumoja, mukimbizi wa Burundi, jina Bukuru. Anachonga makasia ya bavuvi. Muntu wa kuchonga kasia atashindwa na kitako? Nilimupigia simu. Akasema inawezekana, kazi ya siku mbili, kitako kizee kitamutosha kama mufano. Ila mwenye kupiga aje yeye mwenyewe, apimwe mukono toka kiwiko mpaka kidole, na shingo, na shavu. Eti kitako ni kama kiatu, kila muntu na chake.

Niende mwenyewe? Mama yangu! Njiani iko barieri mbili, vizuizi vya basoda. Kijana peke yake, na kitako cha bunduki ndani ya mufuko! Basoda bataniuliza bunduki yenyewe iko wapi, na mi niko wa kundi gani. Karatasi ya bunduki iko na jina la baba, na baba amekufa.

Jumatano, 4 juni.

Akili imekuja! Bertin ataenda. Basoda ba barieri banamujua, anacheza nabo futibol. Na vipimo? Nimewaza sana juu ya vipimo. Bertin ni mutoto wa baba mudogo. Damu ni moja. Basi na mukono utakuwa moja.

Nilimuomba apimwe pahali pangu. Aliniuliza mara mbili kama niko na uhakika. Nikamwambia asiogope, mwanaume haogope kitu. Akaweka kitako kizee chini ya muhogo ndani ya mufuko, akapanda pikipiki. Mi nikarudi nyumbani, nikafunga mulango na komeo, banguruwe basiingie.

Ijumaa, 6 juni.

Bertin amerudi. Yesu wangu, uzuri wa kitako! Mbao nyekundu, laini, imepakwa mawese. Nyuma fundi amebandika kipande cha kandambili, bega lisiumie. Na bunduki haichezi tena hata kidogo.

Tatizo ni ndogo tu. Nikiiweka begani, kidole hakifike kwa kifyatulio. Bertin iko na mikono mirefu, nilijua, lakini nilifikiri damu itasaidia. Nikanyoosha shingo, nikajivuta, nikalenga kopo la tomati. Macho yakajifunga. Pum! Nikajikuta nimekaa chini. Kopo liko pale pale. Fanny alicheka mpaka machozi.

Naye hajui vile naogopa. Kesho ndiyo matanga. Baba aliniachia kitu kimoja tu duniani, ni hiki. Nikikipoteza, nitasema nini mbele ya kaburi yake?

Jumamosi, 7 juni.

Mapema tulienda shambani, mi, Bertin na baba mudogo. Nguruwe yule yule akatoka, akatuangalia, akapuliza pua. Kisha sikumbuke vizuri. Nilijiona juu ya kichuguu, bila bunduki. Baba mudogo anasema mi mwenyewe nilimupatia Bertin, nikalia: shika, ndugu yangu, shika mbio!

Bertin akaiweka begani. Ikamukaa vizuri, kidole pahali pake, shavu pahali pake. Risasi moja. Nguruwe chini.

Batu bakakula, bakaimba, bamama bakapiga vigelegele. Baba mudogo akasimama, akamupa Bertin bunduki mbele ya bote. Mi nikalia kwa sauti. Batu bakafikiri namulilia baba. Na baba pia nilimulilia.

Jumatatu, 9 juni.

Nimefikiri siku mbili, kosa nimeliona. Ni Bukuru! Fundi gani anapima muntu bila kuuliza kama ndiye mwenyewe?

Tuyaache. Iko habari kubwa. Kwenye matanga alikuja Solange, mushonaji wa Baraka. Aliposikia habari ya kichuguu alinicheka, lakini kicheko kizuri, cha kunipenda. Akasema nipite kwabo siku moja, nisalimie bazazi bake. Tangu pale sikule, silale. Lakini barieri mbili! Na baba yake, muzee Déogratias, anaongea kwa kupiga kelele, hata akisalimia.

Basi niliandika barua, kurasa nne, moyo wangu wote. Nikamupatia Bertin. Amusomee yeye mwenyewe, polepole, na ile sauti yake nzuri, kisha asalimie bazazi pahali pangu. Safari hii hakuuliza mara mbili. Alinyoa ndevu, akavaa shati nyeupe, akaondoka bila kungoja chai. Ndugu wa kweli, yule!