Dawa ya Moyo Kwenye Taarifa ya Benki

Jumatatu, 3 Machi
Daktari ameshaukatia tamaa moyo wangu, basi naungama. Miaka tisa nimemlipa jirani yetu Kingi, karani mstaafu wa posta, ili nimfunge drafti kila Jumamosi. Mama watoto hajui. Ushindi wangu anautangaza mpaka kliniki!

Leo binti yetu kaweka kwenye kompyuta programu ya matumizi ya nyumbani. Eti itavuta miamala yangu kutoka benki kila asubuhi. Nywila sitoi, nikasema. Nimefundisha hisabati miaka thelathini, siibiwi kitoto. Akasema nikae nayo. Benki yenyewe itaniuliza kama naruhusu, na programu itasoma tu, haitagusa hata senti. Nikaruhusu kwa kidole changu. Nikajiona mjanja.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Kingi yumo, malipo ya miezi kumi na miwili iliyopita. Maelezo: "ya kufungwa". Niliyaandika mwenyewe! Mama watoto atakagua Ijumaa. Nimefuta yote.

Jumatano, 5 Machi
Yamerudi! Nimepiga simu benki. Dada wa huko anasema nafuta nakala tu; programu ikivuta tena, yanarudi. Nikamwomba apunguze kidogo kumbukumbu za benki. Akauliza kama hapo nyumbani kuna mtu mwingine wa kuongea naye.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeipata! Nimefuta ruhusa benki, kisha nimemfuta Kingi. Hajarudi. Nimepiga mluzi hadi kifua kikaniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Binti kaona programu imekatika, kadhani ni hitilafu. Kaniletea simu. Nikabonyeza "ruhusu" kwa mazoea. Mimi!

Kingi karudi. Mara mbili! Mstari wa pili unatoka akaunti ya mama watoto, naye kaunganishwa. Kiasi kilekile, kila mwezi. Sielewi. Mama watoto akasema, bila hata kuvua miwani, "Mzee wangu, ukifungwa unanuna mpaka Jumanne. Mimi nilikuwa nanunua amani."

Jumamosi, 8 Machi
Nimemvaa Kingi: kufungwa mara moja, malipo mawili? Akajibu kuchekwa na mtaa mzima si kazi ndogo. Nikadai mchezo wa haki. Dakika nne, kwisha habari yangu.

Nimeshamtumia ya mwezi huu. Maelezo: "dawa ya moyo". Programu itajulia wapi?

Nimalizie kuungama. Mwaka jana, Jumamosi tatu, Kingi, aliyekwisha kulipwa na sisi wote wawili, alijitahidi kwa nguvu zake zote afungwe nami. Akashindwa kufungwa; nikafungwa mimi.